Haja ya Shujaa na Mpango wa Riwaya

Wako walimu wa fasihi washikao kwamba mwandishi wa riwaya ya Kiswahili hana budi kuanza na funzo: achague kwanza wema atakaousifu au uovu atakaoukemea, kisha atafute mtu wa kuubeba. Ushauri huu hutolewa kwa nia njema, walakini umezaa vitabu vingi vilivyokufa kabla ya kusomwa. Shujaa wa vitabu hivyo hana analolitaka. Hushauriwa, hudanganywa, hutubu au hufa, kama gunia lipitishwalo kutoka bega hadi bega bandarini. Mwenye haja ni mwandishi peke yake.

Swali la kwanza la mpango ni jingine. Mtu huyu ataka nini, naye yu tayari kupoteza nini ili akipate? Jibu likikosekana, sura za kitabu hazina sababu ya kufuatana.

Watetezi wa funzo hupenda kumwita Shaaban Robert kuwa shahidi wao. Shahidi huyo hawafai. Ni kweli kwamba aliwapa watu wake majina ya tabia, wala hakuyaficha mafundisho yake. Lakini Karama wa Kusadikika (1951) ataka jambo moja lililo wazi: elimu ya sheria ifundishwe nchini mwake. Kwa ajili ya jambo hilo asimama mahakamani, na maisha yake yamo hatarini. Visa vya wajumbe sita avisimuliavyo humo vingekuwa ngano tupu, kila kimoja mbali na mwenziwe, lau visingekuwa utetezi wa mtu apiganiaye roho yake. Utubora naye, katika Utubora Mkulima (1968), aacha kazi yake ya mjini kwa kuwa alitamani jembe. Maneno yake ni marefu, na wanafunzi hunung'unika si bila ya haki. Hata hivyo msomaji hapotei, maana ajua mtu huyu aelekea wapi.

Mohamed Suleiman Mohamed alikwenda mbali zaidi katika Kiu (1972). Jina lenyewe la kitabu ni haja. Bahati ataka kupendwa, Idi ataka mali, na mzee Mwinyi, tajiri, amtaka Bahati. Wakikutanishwa watatu hao, nusu ya mpango imekwisha kupatikana, kwa kuwa kiu ya mmoja haitulizwi ila kwa kumnyima mwingine maji. Ubaya wa tamaa waonekana pasipo mimbari.

Wengine hudhani wameepuka kosa hili wanapoandika katika daftari zao: "Shujaa ataka kuwa mwema." Hiyo si haja, ni funzo lilelile limevaa kanzu. Haja ya kweli yaweza hata kumshinda mwenyewe kuitaja. Rosa wa Kezilahabi, katika Rosa Mistika (1971), asingeweza kueleza sawasawa alilolitafuta alipotoka mbali na macho na fimbo ya Zakaria, baba yake. Lakini kila hatua yake yatoka humo, hata ile ya mwisho. Kitabu hicho kilizuiwa mashuleni kwa muda. Waliokizuia walitazama matendo ya msichana yule wakaona matope, na hawakumwuliza alikuwa akitaka nini.