Adabu ya Kutazama



Katika Uskoti, nchi iliyo kaskazini ya kisiwa cha Britania, kuna desturi ambayo mgeni huiona kuwa ni kupoteza muda. Mtu mzima mwenye akili timamu huvaa makoti mawili, hutwaa darubini na chupa ya chai, huketi saa tatu katika kibanda cha mbao kando ya ziwa, kisha hurudi nyumbani bila ya kuona chochote isipokuwa mvua. Juma lifuatalo huenda tena. Leo tungependa kuitetea desturi hiyo, na papo hapo kuiwekea mpaka mmoja, kwa sababu twaona kwamba hamu ya kuona, ijapokuwa ni njema, mahali pengine imeanza kudhuru.

Tuanze na wema wake. Osprei ni ndege mkubwa awindaye samaki, afananaye na tai. Huwasili Uskoti kuanzia mwishoni mwa Machi akitoka Afrika ya Magharibi, Senegali na Gambia, na huondoka tena Agosti na Septemba. Watu wa karne ya 19 walimpiga risasi na kuyakusanya mayai yake kwa ajili ya makabati yao, hata baada ya 1916 hapakujulikana tena kiota chake katika nchi ile. Mwaka 1954 jozi moja ilirejea karibu na ziwa la Loch Garten. Walinzi waliwekwa kwa siri. Hata hivyo, usiku mmoja wa 1958, mwizi alipanda mti akayatwaa mayai, na kiotani akaacha mawili ya kuku yaliyopakwa rangi ya viatu.

Ndipo George Waterston, aliyesimamia kazi ya chama cha kulinda ndege katika Uskoti, alipofanya jambo ambalo kwa haraka laonekana kuwa ni wazimu. Mwaka 1959 alipatangaza mahali penyewe, akawakaribisha watu wote waje watazame kwa mbali, kutoka kibandani. Walifika kwa maelfu, na mwaka ule makinda matatu yaliruka. Siri ilikuwa imeshindwa. Macho ya umma yakawa ukuta ulio imara zaidi. Leo Uskoti ina zaidi ya jozi 200 za osprei.

Basi je, fundisho hilo lafaa kwa kila kiumbe? Hapa ndipo tunapotofautiana na wengi. Katika misonobari ileile ya milima ya Cairngorm huishi kapakeli, ndege wa jamii ya kwale ambaye dume lake hukaribia bata mzinga kwa ukubwa. Alitoweka Uskoti katika karne ya 18, akarudishwa 1837 kwa ndege walioletwa kutoka Uswidi, na sasa yu karibu kutoweka mara ya pili. Hesabu ya 2021-22 ilikadiria kuwa wamebaki 532, ilhali miaka sita kabla yake walikadiriwa kuwa zaidi ya elfu moja. Sababu ni kadha wa kadha: mvua za Juni ziuazo vifaranga, nyua za waya wanazozigonga wakiruka, wanyama walao mayai, misitu iliyokatwakatwa. Miongoni mwa sababu hizo tumo na sisi watazamaji. Kila Aprili, kabla ya mapambazuko, madume hukusanyika katika uwanja wao wa msituni, hutandaza mikia, na kutoa mlio kama wa kizibo kinachochomolewa chupani, nayo majike huja kuchagua. Majuma hayo ni machache. Akitokea mtu mmoja na kamera yake, majike yaweza kutawanyika, na asubuhi iliyopotea huenda isilipwe. Sheria inakataza kuwasumbua uwanjani pale, lakini saa kumi alfajiri msituni hakuna askari.

Wapo wasemao kwamba mtu hulinda kile tu alichokiona kwa macho yake. Hoja hiyo twaiheshimu, na Loch Garten ni ushahidi wake. Ila kiota cha osprei kiko kileleni mwa mti, na ndege aliye juu hamjali sana aliyeketi mbali chini. Kapakeli hucheza na kutaga ardhini, mahali tunapokanyaga. Umbali wa kukaa hupimwa kwa hofu ya ndege, wala si kwa nguvu ya darubini yetu.

Tena si kweli kwamba tusichokiona hatukipendi. Kekeo husikika Uskoti kuanzia mwishoni mwa Aprili, na husikika zaidi ya kuonekana. Jike hutaga katika kiota cha ndege mwingine aliye mdogo, kisha wazazi huondoka katikati ya kiangazi wasimjue kamwe kinda wao. Tangu 2011 wataalamu wamewafunga baadhi ya kekeo wa Britania vyombo vidogo vinavyofuatwa kwa setilaiti, na imejulikana kwamba majira ya baridi huyapitisha katika misitu ya bonde la Kongo. Kinda huifunga safari hiyo peke yake, pasipo wa kumwonyesha njia. Wasomaji wetu wa Kongo, tukipima kwa siku azikaazo, wana haki ya kumwita wao kuliko Waskoti.

Katika kisiwa cha Iona, ambako Mtakatifu Kolumba alifika mwaka 563, liko simulizi lililohifadhiwa na Abati Adomnani. Kolumba alimtuma mmonaki akamngojee ufukoni korongo atakayetua hali amechoshwa na upepo, akitokea Ayalandi. Amchukue, amlishe siku tatu, kisha amwache arudi kwao. Katika maagizo yale hamna neno la kumfuga.

Mwenye njaa ya kuona hatakosa karamu. Oktoba madume ya kulungu wekundu hunguruma mabondeni, na sauti yao husikika kutoka barabarani. Bata bukini wa Svalbard hujaza mabwawa ya pwani ya Solway, ijapokuwa homa ya ndege iliua takriban theluthi yao katika majira ya baridi ya 2021-22. Milimani sungura hugeuka kuwa weupe, na siku hizi, theluji ikiwa haba, huonekana waziwazi juu ya nyasi za kahawia. Nao ni wa kutazamwa kwa mbali, maana tai huwaona pia.

Aprili ijayo, basi, anayetaka ndege na aende Loch Garten, ambako kituo cha watazamaji kingalipo, akae kibandani pamoja na chai yake. Anayemtaka kapakeli na amtazame katika filamu, nyumbani, na alfajiri ile aendelee kulala.