Bunia: Ampli ya nyumbani juu ya gari inakula ujumbe wa wahami

BUNIA, Ituri – Gari linapita polepole kando ya kambi ya wahami. Juu ya paa kumefungwa mabafle mawili ya mbao kwa kamba za mpira wa tairi, yale yale ya kuwekwa saloni karibu na televizio. Kwenye kiti cha nyuma kuna ampli ya nyumbani, konvertisa, na waya zinazopitia dirishani. Watoto wanalikimbilia wakicheza. Wamama wanatega sikio: wanasikia "kesho", wanasikia "wote", kisha mlio wa mmmm na sauti kupasuka. Kama lilikuwa tangazo la bia au la chanjo, ni nani ajuaye? Siku inayofuata, mama aliyefika akiwa amechelewa anaambiwa kwamba ilitangazwa, gari lilipita.

Ndiyo, gari lilipita. Lakini gari kupita si tangazo. Watu wa Bunia wamezoea mno kuchanganya mambo hayo mawili.

Kwanza mashofere wapewe haki yao. Hawakufanya hivyo kwa ujinga. Katika mji ambamo umeme hauingii nyumba zote, na ukiingia unaweza kukatika usiku huo huo, ampli iliyonunuliwa kwa jasho inakaa saloni kama picha ukutani. Gari lina batri, batri ina nguvu. Basi fundi wa kwenye kona anaunga, inalia, na jioni kuna franka za kulisha watoto. Ufundi wa hao vijana ni wa kusifiwa. Kinachowashinda ni hesabu, na hesabu haibembelezwi.

Ampli ya nyumbani inataka umeme wa volti 220. Batri ya gari inatoa volti 12. Konvertisa inapandisha, lakini haifanyi kazi hiyo bure: kutoa wati 1000 inavuta kwenye batri zaidi ya ampea 83, bila kuhesabu zile zinazopotea kama moto ndani yake. Tundu la kuwashia sigara, ambapo wengi wanachomeka, mara nyingi linalindwa na fyuzi ya ampea 10, 15 au 20. Fyuzi ya 15 maana yake ni wati 180, basi. Ikikatika, fundi anafanya nini? Anaweka kipande cha waya mahali pake. Hapo kile kidude kilichowekwa ili gari lisiungue kimeondolewa, na waya mwembamba unapita chini ya kapeti, karibu na kiti alipoketi mtu. Katika mji huu, ndani ya gari hilo hilo mara nyingine kuna bido la mafuta lililonunuliwa kwa kadhafi. Hesabu iliyobaki kila mtu anaweza kuimaliza mwenyewe.

Na tangazo linatolewa namna gani? Gari linatembea mwendo wa mtu kwa miguu, linasimama, linatembea tena. Moteri inazunguka kidogo tu, na alternata, ile mashine ya kujaza batri, inatoa sehemu ndogo ya nguvu yake. Ampli inakula kuliko kinachoingia. Batri ya gari imetengenezwa ili itoe nguvu nyingi kwa sekunde chache, moteri iwake. Kuinyonya kwa masaa ni kuiua. Batri ya ampea-saa 60, ikivutwa ampea 30 mfululizo, haifikishi hata masaa mawili. Pesa ya tangazo la juma zima inaishia kwa muuza batri.

Lakini batri ni mali ya shofere, atalia nayo mwenyewe. Kubaya ni kile kinachotokea kabla batri haijakufa. Volti zinashuka, konvertisa inahangaika, ampli inakosa pumzi. Shofere anaona sauti imepungua, anaongeza. Ampli iliyokosa nguvu inakata ncha za sauti, na maneno yanapasuka. "Saba" na "sasa" zinakuwa kitu kimoja. Konvertisa za bei rahisi nazo zinaongeza ule mlio wa mmmm usiokwisha. Tena bafle la saloni lilitengenezwa kwa muziki wa chumbani: linatumia nguvu nyingi kwenye besi, na sauti yake linaimwaga kila upande. Maneno ya mtu hayahitaji besi. Simu inapitisha sauti kati ya takriban hezi 300 na 3400 tu, na watu wanaelewana vizuri, wanagombana vizuri, wanakopeshana pesa.

Ndiyo maana lawama kubwa haiwaendei mashofere. Inawaendea wenye kukodi: mashirika, maduka, makanisa, ofisi. Wanauliza bei ya gari kwa siku, hawaulizi kama mtu aliye mita hamsini ataelewa. Hawashuki kusikiliza. Wanalipa, wanapiga picha gari likiwa na mabango yake, picha inaingia kwenye ripoti. Kwa muuza sabuni si neno kubwa. Lakini tangazo la kolera, mahali pa kuchota maji yenye klori, siku ya kuhakikisha majina ya wahami: hapo neno moja lililopotea ni mtoto anayekunywa maji mabaya, au jamaa inayokaa bila unga. Familia zilizotoka Djugu, ambazo Kiswahili si lugha yao ya kwanza nyumbani, zinahitaji maneno safi kuliko wote, na ndizo zinazopelekewa mpasuko.

Mashofere wanajitetea kwamba vyombo vya gari ni bei kali. Si uongo. Lakini njia ya katikati ipo, na mafundi wa hapa wanaiweza. Mabafle ya nyumbani yenye omu 8 yanaweza kuungwa kwenye ampli ya gari ya volti 12, hata iliyokwisha kutumika. Nguvu itakuwa karibu nusu ya ile ambayo ampli hiyo ingetoa kwa mabafle ya gari ya omu 4, ila haiungui, na konvertisa inaondoka kabisa. Kinyume chake ndicho cha kuogopa: mabafle ya omu 4 kwenye ampli ya nyumbani iliyoandikwa 8 inaweza kuichemsha mpaka ife. Waya uwe mnene, utoke moja kwa moja kwenye batri, na fyuzi ikae karibu kabisa na nguzo ya plus. Kwa kazi ya matangazo tu, tarumbeta moja ya kipaza sauti, kama zile za misikitini, inashinda mabafle manne ya saloni, kwa sababu inaelekeza maneno mbele.

Na anayekodi gari kwa ajili ya wahami aanze hivi: kabla ya kutoa franka hata moja, amwombe shofere asimame, moteri ikizunguka kidogo, asome tangazo lote. Yeye aende mita hamsini, kati ya mahema, amuulize mama wa kwanza atakayemkuta ni siku gani na saa ngapi. Mama akishindwa kujibu, gari hilo lirudi gereji.