Kuingiza si Kuhifadhi

Msimu wa harusi ukiingia Lamu, vijana wa mtaa wa Wiyoni wenye kamera na laptopu hawakosi kazi: leo nikaha, kesho kupamba, na Maulidi yakifika kuna mashindano ya punda. Kupiga video wanakujua. Kukata na kutia sauti pia wanakujua. Kinachowaponza ni kipande cha katikati, faili zinapotoka kwenye kadi kwenda kwenye kompyuta, na zinavyotunzwa baada ya hapo. Wenyewe kwa wenyewe wamepokezana kauli ambazo wanazichukua kama elimu, nami nina ugomvi na kadhaa kati yake.

"Nishaingiza kwenye programu, sasa kadi naifuta." Hakuna kauli iliyopoteza harusi nyingi kuliko hii. Premiere Pro, DaVinci Resolve na Kdenlive, ukiziacha kwenye mpangilio wake wa kawaida, hazibebi video yoyote. Faili ya mradi huandika anwani tu: klipu iko diski gani, folda gani, inaitwaje, imekatwa kuanzia wapi hadi wapi. Ndiyo maana mradi wa harusi ya siku tatu huwa na megabaiti chache ilhali video zenyewe zimejaza diski. Mradi ni kama mtu aliyetumwa kualika harusi: mkononi ana orodha ya nyumba za mitaa ya Mkomani na Langoni, hana wenye nyumba. Wakihama, atabisha hodi asijibiwe. Ukifuta kadi ambayo klipu zilikuwa bado zinasomwa kutoka humo, ukifungua mradi utapokewa na ilani kwamba klipu hazipatikani.

Hapo mtu atanijibu kwamba yeye hutumia Final Cut Pro, hufuta kadi na hajapoteza kitu. Namwamini. Programu hiyo inaweza kuagizwa inakili faili ndani ya maktaba yake, na Premiere Pro nayo ina chaguo la kunakili wakati wa kuingiza. Lakini hilo ni chaguo, na kwenye laptopu ya kuazima huwezi kujua mwenyewe alichagua nini. Njia ya hakika haina ufundi: nakili kadi kwenye diski kwanza, kisha uingize kutoka kwenye diski. Linganisha ukubwa wa folda na wa kadi, chomoa kadi, fungua mradi, cheza klipu mwanzo, katikati na mwisho. Kadi iendelee kukaa pembeni mpaka nakala ya pili iwepo.

"Nachukua klipu tu, hayo mafolda mengine ni takataka." Kwenye kadi za Sony klipu za MP4 hukaa ndani ya folda la M4ROOT, pamoja na faili ndogo za maelezo. Kamera za zamani za AVCHD zina jambo zito zaidi. Kadi zake nyingi zilitumia mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili ya kufikia gigabaiti 4, kwa hiyo hotuba ndefu ya shehe hukatwa vipande. Mafolda yanayozunguka ndiyo yanayoiambia programu vipande hivyo ni kitu kimoja. Ukiviokota kimoja kimoja, pale vinapokutana sauti inaweza kuruka. Nakili kadi nzima kama ilivyo.

"Jina la faili halina kazi." Subiri siku utakayopiga kwa kamera mbili za aina moja. Zote mbili zinaweza kukupa C0001.MP4. Zikiingia folda moja, moja inaweza kuifuta nyingine, au programu ikafuata isiyo yenyewe. Mpe kila kadi folda lake: tarehe, shughuli, kamera. Na ukitaka kubadilisha majina, badilisha kabla ya kuingiza. Ukishaingiza, usiguse.

Wengine hufuta klipu ndani ya mradi wakitumaini diski itapumua. Haipumui, kwa sababu kilichofutwa ni anwani. Kinacholimbikizana kimyakimya ni faili za muda ambazo programu hujitengenezea. Hizo futa bila hofu, zikihitajika itazitengeneza upya.

"Nakala nyepesi zinaharibu picha." Saa moja ya video ya 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde ni takriban gigabaiti 45, na laptopu dhaifu itakwama. Nakala nyepesi, yaani proxy, ni faili ndogo za kukatia tu ili isikwame. Wakati wa kutoa kazi programu hurudi kwenye faili za asili, bora usiwe umeiambia vingine, na bora faili hizo ziwe zipo. Picha huharibiwa na WhatsApp: klipu ikitumwa kama video hubanwa. Itumwe kama hati, maana hati ya hadi gigabaiti 2 hupita jinsi ilivyo.

"Ninayo kopi kwenye hadi diski." Diski hiyo iko wapi? Kwenye begi lile lile la laptopu, linalopanda boti lile lile. Mpiga picha Peter Krogh ndiye aliyeeneza kanuni ya nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili, moja ikiwa mbali. Lamu tunao mfano mzuri: miswada ya msikiti wa Riyadha ilipigwa picha chini ya mpango wa Endangered Archives Programme wa British Library. Miswada haikuhama, lakini picha zake zinasomeka pia kupitia London.

Kwa video za kupamba, hata hivyo, kanuni hiyo inageuka. Ukumbini wamo wanawake pekee, bi harusi hana buibui, na mpiga video ni mwanamke kwa sababu hiyo hiyo. Wanaosema "kopi nyingi ndio usalama" hawakufikiria huko. Anayehariri akiwa kaka yake mpiga video, siri ishatoka. Aliyekabidhi flashi na kufuta klipu za asili bado anazo nakala nyepesi, faili za muda, pipa la taka la kompyuta, na pengine kopi iliyopanda mtandaoni yenyewe kutoka kwenye simu. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inampa mtu, katika hali fulani, haki ya kudai data zake zifutwe, na sura yake ni data. Basi kabla ya kupokea malipo ya kwanza mkubaliane na mamake bi harusi: nani atahariri, nakala ngapi, diski ipi yenye nywila, na zote zitafutwa siku gani, nakala nyepesi zikiwemo.