Kitunga cha Soko Hakidanganyi



Katika gazeti letu hili tumekwisha kusoma mengi juu ya nidhamu, juu ya mitihani na juu ya mpira. Leo sisi wa darasa la tano tunaomba nafasi kidogo tuseme juu ya kitu ambacho kila mtu anakiona na hakuna anayekiandika: kitunga ambacho mama anabeba akitoka soko. Wengine watacheka na kusema: "Kweli hawa wamekosa ya kuandika!" Wacheke, lakini wasome mpaka mwisho.

Neno lilianza hivi. Siku moja ya posho, mmoja wetu alitumwa na mama yake soko ya Kadutu, hapa Bukavu. Akarudi na unga ya muhogo, mafungu mawili ya lengalenga, mafuta ya mawese ndani ya kachupa, na ndakala kidogo ndani ya karatasi. Katika njia akaona wanafunzi wenzake wanasimama mbele ya butiki, wanakula biskuti. Mara moja akavua puluvera yake akafunika kitunga, akapita haraka kama mtu aliyeiba. Nyumbani mama akamwuliza: "Puluvera inanuka samaki, uliifanya nini?" Akanyamaza. Siku ya kwanza ya juma alitueleza jambo hilo mwenyewe. Sisi hatukucheka, kwa sababu kila mmoja alikumbuka siku yake alipofunika kitunga.

Basi tukaulizana: tunaficha nini? Mtu anaweza kuvaa shati safi, akatia kalamu mbili mfukoni na kusema kwao wanakula nyama kila siku. Kitunga kitasema mengine. Ndipo tukapatana kwamba kwa juma moja kila mmoja wetu ataandika ndani ya kayé yake kila mangaribi: nini kimeingia nyumbani, saa ngapi, kwa kipimo gani, na nani amekula. Majina ya jamaa hatukuyaandika, na hapa pia hatutayataja. Haya ndiyo tuliyoyaona.

1. Kitunga kinasema franga inaingia namna gani

Tulikuwa tunafikiri kwamba watu wanakula kile wanachopenda. Sivyo. Watu wanakula kufuatana na saa ambayo franga inafika. Nyumba ambamo baba anapata mshahara, mwanzo wa mwezi kitunga kinaingia asubuhi, kimejaa, pengine pamoja na mfuko wa unga. Lakini mwezi ukifika katikati, kitunga kile kinakuwa sawa na cha jirani. Walimu watusamehe, wao wanajua tunasema nini.

Nyumba ambamo mama ndiye anatafuta, kwa kuuza ndizi, makala ao sambaza, maisha ni ya "taux du jour". Mama anauza kwanza, kisha ananunua. Kwa hiyo kitunga kinaingia saa kumi na mbili ya mangaribi. Na chakula kinachoingia saa ile kinapashwa kuiva upesi. Maharagi yanaomba saa nyingi juu ya moto, na makala nayo inaomba franga. Mama anaweza kuwa na bei ya maharagi lakini hana bei ya makala ya kuyapika. Ndiyo sababu anachukua lengalenga. Mtoto anasema: "Mama hapendi kutupikia maharagi." Kumbe mama anahesabu moto.

2. Kitunga kinasema kwamba maskini analipa bei kali

Katika soko zetu kopo ya Guigoz, ile ya maziwa ya watoto, imekuwa kipimo. Maziwa yalikwisha zamani, kopo imebaki kupima maharagi na unga. Wengi hawafikii hata kopo nzima, wanaomba nusu. Mafuta wanapima kwa kachupa, sukari na chumvi ndani ya kasashe kadogo kalichofungwa. Sisi tulichukua hesabu kama vile tunavyofundishwa hapa masomo. Tulijumlisha tusashe twa sukari mpaka tukafikia kilo moja. Tuliona kwamba mwenye kununua kidogo kidogo analipa kilo yake kwa bei inayopita ile ya tajiri anayenunua kilo nzima. Hata matabishi, yeye mwenye kununua mfuko ndiye anapewa nyingi. Tena barabara ya Uvira ikikatika na ndakala zikipanda bei, mwenye mfuko nyumbani hasikii kitu mpaka juma lipite. Mwenye kasashe anasikia siku ile ile.

3. Kitunga kinasema ni kitu gani tunakata kwanza

Hapa ndipo tulipopata haya. Franga ikipunguka, samaki anatoka wa kwanza. Kisha maharagi yanapunguzwa, kisha mafuta. Unga haitoki kamwe, kwa sababu bila bugali tumbo haliamini kwamba limekula. Lakini tulishangaa kuona katika kayé zetu vitu vingine ambavyo havikatwi hata siku mbaya: sukari ya chai, mkate wa asubuhi, na tule tu-kibe twa kutia ladha ndani ya supu. Katika nyumba mbili tatu kulikuwa pia na chupa ya baba, na karibu kila nyumba kulikuwa na unités za telefone.

Ni nani anaomba sukari na mkate? Si mama. Ni sisi! Ni sisi tunaosema: "Siwezi kwenda masomo na chai ya bila sukari." Mmoja wetu alihesabu franga ya sukari ya nyumbani kwao kwa juma lile. Akaenda soko kuuliza bei. Ingetosha kununua maharagi ya siku mbili kwa watu wote wa nyumba. Alirudi akiwa kimya.

4. Kitunga hakisemi yote, inafaa kuangalia sahani

Kitunga kinaweza kuingia na samaki, lakini samaki wasifike kwa wadogo. Katika kayé zetu wengi waliandika hivi: baba na wageni walikula samaki, vijana wakubwa walipata kichwa na mkia, watoto walichovya bugali ndani ya supu. Mama alikula mwisho, na mara nyingine alikula bugali na kile kilichobaki chini ya chungu. Hakuna aliyeagiza mambo haya siku ile. Yako vile tangu zamani, na tunayaita heshima. Sisi hatukatai heshima ya baba. Tunauliza tu: mtoto wa miaka miwili ataota mwili kwa supu?

Katika masomo ya bioloji tumejifunza kwamba magrama 100 ya unga ya muhogo hayana hata magrama 2 ya protini. Maharagi makavu ya uzito ule ule yanakaribia magrama 22. Ndakala ao sambaza iliyokauka vizuri inapita magrama 50. Sombe mbichi, ile tunayoidharau, iko na karibu magrama 7. Bugali inatia nguvu ya kutumika, lakini peke yake haijengi mwili.

Wazee wetu wa Kivu wanajua ugonjwa wa bwaki, ule ambao wanganga wanaita kwashiorkor. Mtoto anavimba miguu na uso, nywele zinageuka rangi, hataki kucheka wala kula. Mtu asiyejua anasema: "Angalieni, mtoto amenenepa!" Ugonjwa ule uliumiza sana inchi yetu, hata shirika moja la hapa Bukavu lilichukua jina la Comité Anti-Bwaki. Wenye elimu wanaendelea mpaka leo kutafuta visababu vyake vyote, maana magonjwa mengine pia yanausaidia. Lakini wote wanapatana kwamba mtoto aliyelishwa muhogo tu, siku kwa siku, yuko katika hatari. Na katika njia ya kwenda kwa bwaki, kitunga kilikuwa kimekwisha kusema mbele, ila hakuna aliyesikiliza.

Tusiwahukumu bamama upesi

Tulipomaliza juma letu, tulikuwa na kiburi. Tukaenda kwa mama ya mmoja wetu, tukamweleza kwamba anapoteza franga kwa kununua kidogo kidogo. Alituacha tumalize, akaendelea kuchambua sombe yake. Kisha akasema: "Batoto yangu, munasema muzuri. Lakini mufuko ikionekana, bageni nabo banaonekana. Leo jirani anakuja kuomba kopo moja, kesho shangazi. Nikikatala, niko mubaya. Nikikubali, mufuko inaisha mbele ya juma. Na ninyi wenyewe, mukiona unga iko mingi, munakula mara tatu. Kidogo kidogo, ndiyo kifunguo yangu."

Tulitoka pale tukiinamisha kichwa. Yeye hakusoma hesabu yetu, lakini hesabu yake ilikuwa na watu ndani, na yetu ilikuwa na franga tu. Basi mtu asitoke hapa akaenda kumfundisha mama yake kana kwamba yeye ni mjinga.

Tufanye nini basi?

Wengine watasema: "Ndiyo desturi yetu, tufanye nini?" Tunawajibu kwamba desturi ya kula inageuka. Muhogo na maharagi yenyewe yalitoka Amerika zamani. Sambaza tunazojivunia hapa Bukavu hazikuwa katika ziwa Kivu hapo zamani. Zilitolewa katika ziwa Tanganyika na kutiwa humu mwisho wa miaka ya 1950. Kitunga cha wazee wa zamani hakikuwa na sambaza za Kivu, cha mama kinazo. Basi cha kwetu kinaweza pia kugeuka.

Kwanza, vijana wanaume waende soko. Katika kayé zetu karibu kila mara aliyebeba kitunga alikuwa mama ao dada. Kijana anayekula bila kujua bei ndiye analalamika kwa nguvu zaidi. Aende mara nne tu, asimame juani, abishane bei ya ndakala, ataona kama atasema tena "sombe kila siku!"

Pili, mambo ya likirimba. Bamama wengi wanajua likirimba ya franga. Kwa nini isiwe likirimba ya maharagi? Nyumba tatu ao ine zinazoaminiana zinunue mfuko mmoja na kuugawa siku ile ile, kila moja ichukue sehemu yake. Hivi hakuna mfuko mkubwa wa kuita wageni, lakini bei ni ile ya mfuko. Maharagi yakaushwe vizuri juani na kuchanganywa na majivu safi, ao kupakwa mafuta kidogo, wadudu hawatayaharibu upesi. Mangaribi yaloweshwe ndani ya maji mpaka asubuhi, yatapunguza makala.

Tatu, sisi wenyewe tukubali chai ya bila sukari siku mbili ao tatu kwa juma, na tumwombe mama atie franga ile ndani ya maharagi ao ndakala za wadogo. Neno hili halimwombi baba kitu wala serikali kitu. Linatuomba sisi.

Ine, na hili tunalisema kwa heshima kwa baba zetu: mnapoona samaki katika sahani yenu, muulize kama mdogo wa nyumba amepata. Baba akiuliza mara moja, mama hataogopa tena kugawa.

Tumalize na kitunga kimoja ambacho wote tunakijua. Katika Injili ya Yoane, sura ya 6, kuna kijana aliyekuja na mikate mitano ya shayiri na samaki wadogo wawili. Shayiri ilikuwa mkate wa maskini, na samaki wake walikuwa wadogo tu. Chakula kile kilionyesha wazi kwamba kwao hawakuwa watajiri. Lakini hakukifunika. Alikitoa mbele ya watu maelfu, kama kilivyokuwa.

Wenzetu, yule wa darasa letu aliyefunika kitunga kwa puluvera, siku ya posho iliyopita alipita tena mbele ya butiki ile ile. Kitunga kilikuwa wazi, ndakala zikionekana na maharagi chini yake. Mmoja alimwita: "Eh, leo munakula ndakala?" Akajibu: "Ndiyo, na kwetu hata mtoto mdogo anakula." Akaendelea na njia yake.

Mwenye kuwa na wazo lingine ao mwenye kukatala maneno yetu, aandike. Kayé zetu ziko wazi.

Sisi wanafunzi wa darasa la tano