Wazee Hawatungoji

Wako watu wasemao kwamba nchi inayojijenga yahitaji mainjinia, madaktari na mabwana shamba tu, na ya kuwa fedha itumikayo kuchungua historia, lugha na desturi za watu ni fedha iliyotupwa baharini. Maneno hayo husikika barazani, na mara nyingine hata katika ofisi kubwa. Sisi hatukubaliani nayo, na leo twapenda kueleza sababu.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianza mwezi wa Oktoba, 1961, katika jengo la TANU la Mtaa wa Lumumba, na mwaka 1964 kikahamia mlimani. Tangu hapo wachunguzi wa masomo ambayo leo yamo katika Ndaki ya Insia, Ndaki ya Sayansi za Jamii na Taasisi ya Taaluma za Kiswahili wamefanya kazi ambazo taifa lo lote lingejivunia. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya mwaka 1981 ni matunda ya mlima ule. Hakimu huifungua, mwalimu huifungua, nasi tuandikao magazeti twaifungua. Mwaka 2009 ikatoka Atlasi ya Lugha za Tanzania, ionyeshayo kila lugha husemwa wapi. Na mwaka 2015 wachunguzi wa chuo hicho, Bwana Fidelis Masao na Bwana Elgidius Ichumbaki, walivumbua huko Laetoli nyayo nyingine za viumbe waliotembea kwa miguu miwili miaka zaidi ya 3,600,000 iliyopita. Habari hizo zilipotangazwa mwaka 1956+60, yaani 2016, ulimwengu mzima ulizisikia.

Lakini kazi tunayoitukuza kupita zote ni ile ya mwaka 1968. Mwaka huo wanafunzi wa historia, wakiongozwa na Gilbert Gwassa na John Iliffe, walikwenda vijijini kuwauliza wazee habari za Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Kabla ya hapo, mengi yaliyoandikwa juu ya vita vile yalitoka katika kalamu za Wajerumani. Sasa akasema mkulima mwenyewe: jinsi alivyolimishwa pamba kwa kiboko, jinsi habari za maji ya Kinjeketile zilivyopita toka kijiji hata kijiji, na jinsi njaa ilivyowamaliza watu baada ya bunduki kunyamaza.

Na tupige hesabu. Kijana wa miaka 15 mwaka 1905 alikuwa na miaka 78 wanafunzi wale walipobisha hodi kwake. Wangalichelewa miaka 20 tu, wangaliyakuta makaburi, na makaburi hayajibu maswali.

Hapo ndipo ulipo wajibu wetu wa leo. Kati ya mwaka 1973 na 1976 mamilioni ya wananchi walihamia katika vijiji vipya. Mwaka 1978 na 1979 vijana wetu walipigana Vita vya Kagera. Aliyekuwa na miaka 30 mwaka 1974 leo amekwisha pita 80. Mambo hayo yameandikwa katika vitabu, ni kweli. Lakini mengi yameandikwa kwa maneno ya viongozi na wataalamu. Mama aliyebeba watoto na vyungu vyake kwenda kijiji kipya, nani amemwuliza? Walioona faida waseme, na walioumia waseme vile vile. Taifa lililokomaa haliogopi ushahidi wa watu wake.

Basi twatoa shauri. Kila likizo ndefu, wanafunzi wa historia na wa elimu ya jamii wapelekwe wilayani kwao wakaandike maneno ya wazee, kwa Kiswahili au kwa lugha ya nyumbani. Jambo hili halihitaji mitambo ya thamani kubwa. Lahitaji nauli, daftari, chombo cha kunasia sauti na adabu ya kusikiliza. Kazi ya lugha ilisaidiwa sana na rafiki zetu wa Uswidi, nasi twawashukuru; lakini kumbukumbu za nyumba huandikwa na wenye nyumba. Halmashauri za wilaya na Serikali hazina budi kutoa sehemu yao, kwani mkono mtupu haulambwi.

Jambo la mwisho ni juu ya wataalamu wenyewe. Sehemu kubwa ya uchunguzi wa Majimaji ilitolewa kwa Kiingereza, hata mzee aliyetoa habari zake hakuweza kuzisoma. Ebrahim Hussein, alipotoa tamthilia yake Kinjeketile kwa Kiswahili mwaka 1969, alionyesha njia iliyo bora. Wanafunzi wengi wameijua habari ile kwa kitabu hicho. Uchunguzi usiorudi kwa wenyewe ni taa iliyofunikwa pishi. Yafaa kila kazi ya namna hii itolewe kwa Kiswahili pia, na nakala moja iwekwe katika kijiji kilikotoka.

Wahenga walisema: Mali bila daftari hupotea bila habari. Mali yetu ingali hai, imeketi barazani ikiota jua. Wenye kalamu na waende sasa, kwa maana wazee hawatungoji.