Siku ya Ngoma Si ya Baba Peke Yake

Pamba ikiisha kuuzwa na mahindi yakiisha kuingia ghalani, nchi yetu ya Bariadi, pamoja na Itilima, Maswa, Meatu na Busega, huanza kusikia ngoma. Hatuandiki ili kuwaambia wasomaji wetu habari wanazozijua tangu utotoni. Twaandika kwa sababu kuna desturi mbaya iliyoingia katika nyumba za Wakristo, nayo inalindwa na watu wa namna mbili ambao hudhani kwamba hawapatani hata kidogo. Mmoja ni baba aendaye ngomani peke yake na fedha ya nyumba mfukoni. Wa pili ni mzee wa kanisa asemaye kwamba Mkristo asikanyage uwanjani kabisa.

Tuanze na baba. Habari imeenea kwamba kikundi cha Bagika kinazunguka nchi, na Jumamosi kitapambana na Bagalu. Baba anafuta baiskeli yake, anamwambia mkewe kwamba anakwenda mnadani kutazama bei ya ng'ombe, naye anarudi siku ya tatu. Nyumbani wamebaki nani? Amebaki mkewe, aliyeipalilia pamba ile akiwa na mtoto mgongoni. Wamebaki watoto, ambao vidole vyao vilichanwa na maganda makavu siku za kuchuma. Amebaki bibi kizee akianika michembe. Amebaki mtoto wa miaka 10 nyuma ya ng'ombe, na huyu hasa twamhurumia, maana kila siku ya furaha humkuta porini, hata Krismasi. Hao wote walifanya kazi, lakini katika furaha ya mavuno hawana fungu. Baba akiulizwa hujibu kwamba ngoma si mahali pa mke na watoto. Nasi twamwuliza: kama mahali hapo hapamfai mkeo, wewe wafuata nini hapo?

Mzee wa kanisa atafurahi kusoma maneno hayo, naye twamwomba asifurahi upesi. Yeye husema, "Mwalimu, ngoma ni dawa tupu." Hofu yake haikuzuka bure. Asili ya Bagalu na Bagika ni mafundi wawili wa karne ya 19, Gumha na Ngika, walioshindana kwa ngoma na kwa dawa pia. Hata leo vikundi viwili hucheza kwa wakati mmoja katika uwanja mmoja, na kile kilichovuta watu wengi zaidi ndicho kishindacho. Basi wako manju waaminio kwamba dawa ndiyo ivutayo. Dawa hizo sisi hatuzitetei. Mkristo asizinunue, asichanjwe, wala asile kiapo cha chama kinachomtaka azitumie. Lakini mtazamaji halishwi dawa kwa kutazama. Aliyesimama uwanjani aona kwa macho yake kwa nini watu wanahama upande: huku wimbo ni mpya na wachezaji wanakwenda pamoja kama mtu mmoja, huko wamechoka na manju wao anarudia maneno ya mwaka jana. Tena bugobogobo, ambamo wachezaji hurusha majembe na kuyadaka, ilitoka shambani, ambako watu walilima kwa kufuata mdundo ili kazi iwe nyepesi. Je, jembe nalo ni mzimu?

Na marufuku hiyo imezaa nini? Wamisionari wa CMS walianza kazi Nassa katika karne ya 19, na AIM wakaipokea mwaka 1909. Tangu siku hizo Wakristo wengi wa nchi hii wamefundishwa kuiacha ngoma. Miaka zaidi ya 100 imepita, na ngoma ingali inalia. Kilichokoma ni kitu kimoja tu, yaani wazazi Wakristo kwenda huko pamoja na watoto wao. Vijana hawakukoma. Kijana aliyekatazwa kwenda mchana na mama yake huenda usiku na watu wasiomjua mama yake. Binti naye hutoka kimya wazee wakiisha kulala, na akipatwa na taabu huko hathubutu kusema, kwa kuwa hakutakiwa kuwako. Baadaye tumbo husema lenyewe. Hapo baraza la wazee hukutana na kumtenga na Meza ya Bwana, na baba yake, aliyekuwa katika uwanja ule ule usiku ule ule, hukaa kimya kwenye benchi la mbele.

Wazee wetu wanaisoma Injili kila siku, basi na waisome yote. Katika Luka 2 Yusufu na Mariamu walikwenda kwenye sikukuu kila mwaka, na safari ile walikuwa na mtoto wa miaka 12, pamoja na ndugu na jirani. Ndiyo, mtoto alitafutwa siku tatu. Walakini hatusomi kwamba mwaka uliofuata walimwacha nyumbani. Na katika Luka 15 yuko mtu mmoja aliyesikia sauti ya ngoma na machezo, akakasirika, akakataa kuingia. Habari za mdogo wake huhubiriwa mara nyingi. Za huyu mkubwa, mahubiri hufupishwa.

Jambo hili limekwisha kujaribiwa, wala si mbali. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyefanya kazi Bujora, karibu na Kisesa, tangu miaka ya 1950, hakuwafukuza manju. Huko kanisa likajengwa la mviringo kwa mfano wa nyumba ya mtemi, na sikukuu ya Mwili na Damu ya Kristo ikaunganishwa na mashindano ya ngoma yaitwayo Bulabo. Hata sasa, kwa kawaida mwezi wa Juni, Bagalu na Bagika hukutana huko mchana kweupe, Bayeye wakiwa na chatu wao, na akina mama na watoto wapo. Wako watakaosema kwamba hayo ni ya Wakatoliki. Ni kweli; lakini jua linalowaangazia ndilo hili letu.

Nyumba ya Bariadi itakayo kwenda Bujora na iondoke alfajiri, ifuate lami hadi Lamadi, kisha njia ya Mwanza, ivuke daraja la mto Simiyu na kupita Magu. Nauli ya watu sita si ndogo, lakini baba na ahesabu kwanza siku zake tatu za mnadani. Asiyeweza na angoje kikundi kinachozunguka kifike karibu, aende kwa miguu na watu wake, na michembe, karanga na kibuyu cha maziwa ya mgando. Ng'ombe wachungwe kwa zamu: leo nyumba hii iende na ile ichunge, kesho ile iende. Bibi kizee asiachwe, hata ikiwa ni kumpakia kwenye baiskeli, maana nyimbo za manju zina mafumbo, na mtoto aliyekaa karibu na bibi yake huelewa anayesemwa ni nani na kwa kosa gani. Baba aliyekwenda peke yake hucheka wakicheka wengine.

Neno letu kwa manju na waandaaji ni fupi. Wachezeni mchana. Huko London majumba ya michezo ya nyimbo hufunguliwa alasiri pia katika siku kadhaa za wiki, ili watoto waje na wazazi wao. Na kwetu vikundi vya Dar es Salaam kama Muungano, na TOT iliyoundwa mwaka 1992, viliweka ngoma, sarakasi, vichekesho na mchezo wa kuigiza katika onyesho moja, hata kila mtu wa nyumba akapata chake. Anzeni saa 8 mchana, mmalize jua likichwa, na pombe isiuzwe mlangoni. Mkifanya hivyo sisi walimu tutakuja na wanafunzi wetu na wazazi wao, tukilipa kiingilio. Na mzee wa kanisa atakayefuatana nasi tutamwekea kiti mbele, kati ya watoto, mahali ambapo chatu huonekana vizuri.