Mpanda Ngazi, Nani Humshusha?



Hapa Mbagala, katika wilaya ya Temeke pembeni mwa Dar es Salaam, jioni watu wakikaa barazani huzungumza habari za wagombea wa urais, na neno lao ni moja: "Hatuwataki hawa." Nalimwuliza mzee mmoja, "Basi, baba, msiyemtaka mtamwondoaje?" Akajibu, "Tungoje miaka mitano, mwalimu." Jibu hili nimelisikia mara nyingi, nami leo nataka kulipinga mbele yenu.

Wahenga walisema, mpanda ngazi hushuka. Ni kweli, lakini hawakutuambia nani humshusha. Mimi nasema hivi: mtu aliyepewa haki ya kuchagua, asipewe na haki ya kuondoa, amepewa nusu ya haki.

Tazameni kwanza habari za wabunge. Mwaka 2015 watu wa Kinondoni walimchagua Maulid Mtulia, na watu wa jimbo la Temeke Abdallah Mtolea, wote wawili wa chama cha CUF. Desemba 2017 Mtulia alijiuzulu akaingia CCM, na Februari 2018 akarudi bungeni kwa chama chake kipya. Mtolea naye alijiuzulu Novemba 2018, akaingia CCM, akapita bila kupingwa. Watu wa Temeke hawakupiga kura hata moja. Mtu aweza kubadili nia yake, sikatai. Lakini wale waliompa kura waliulizwa lini?

Katiba yetu ya mwaka 1977, ibara ya 71, yasema kwamba mbunge akiacha kuwa mwanachama wa chama chake hupoteza kiti. Basi chama kikimfukuza, ubunge umekwisha. Bali watu wake wakimkataa wote, wazee kwa vijana, ubunge wabaki pale pale. Rasimu iliyotolewa mwaka 2013 na Tume ya Jaji Joseph Warioba ilitaka wapiga kura wapewe njia ya kumwondoa mbunge wao. Bunge Maalum la mwaka 2014 likalifuta neno hilo.

Na Rais je? Wengi hudhani kwamba hapana njia. Njia ipo, katika ibara ya 46A. Wabunge wasiopungua asilimia 20 hutia sahihi hati ya mashtaka na kumpelekea Spika. Kamati ya uchunguzi huundwa, Jaji Mkuu akiwamo. Kisha theluthi mbili za wabunge wote wakikubali, Rais hana budi kujiuzulu. Njia hii haijamwondoa Rais hata mmoja. Sababu yake yaonekana upesi: mshitaki ni mbunge, mbunge ameshikwa na chama, na mwenyekiti wa chama kinachotawala ni Rais mwenyewe. Nani atalikata tawi alilolikalia?

Mlango wa mahakama nao umefungwa. Ibara ya 41(7) yakataza mahakama yo yote kuchunguza uchaguzi wa Rais aliyekwisha kutangazwa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, iliyo Arusha, katika nchi yetu wenyewe, iliamua mwaka 2020 kwamba katazo hilo lavunja haki. Jirani zetu wa Kenya wana mlango huo: tarehe 1 Septemba 2017 Mahakama yao ya Juu ilifuta uchaguzi wa Rais, ukafanywa upya.

Sasa kumbukeni tarehe 29 Oktoba 2025. CHADEMA hakikuwamo katika uchaguzi. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa kizuizini kwa shtaka la uhaini. Luhaga Mpina wa ACT-Wazalendo aliondolewa katika orodha ya wagombea. Mshindi akatangazwa kwa kura karibu asilimia 98. Siku ile ile vijana waliingia barabarani, jioni amri ya kutotoka nje ikawekwa hapa Dar es Salaam, na watu wakafa. Mimi sisifu kuchoma mali ya mtu. Lakini nyumba isiyo na mlango, walio ndani huvunja ukuta.

Wako wasemao, "Watu wakipewa haki ya kuondoa, patakuwa na fujo kila siku." Neno hili si kweli. Februari 2008 Waziri Mkuu Edward Lowassa alijiuzulu baada ya kamati ya Bunge kusoma taarifa yake juu ya mkataba wa Richmond. Je, nchi ilianguka? Haikuanguka. Watoto walikuja shuleni kesho yake kama kawaida. Fujo huja mahali ambapo hapana njia.

Basi yatupasa kudai mambo matatu: wapiga kura waweze kumwondoa mbunge wao, mahakama iweze kusikia shauri la uchaguzi wa Rais, na mtu asiye na chama aweze kugombea. Nanyi msomao haya vijijini, itafuteni Katiba, isomeni barazani kwa sauti, wasiojua kusoma wapate kusikia. Kisha mbunge wenu akija kuomba kura, mwulizeni kwanza: "Tukikukataa, tutakushushaje?" Asiyeweza kujibu, msimshikie ngazi.

Mimi, mwalimu wenu,
Mbagala, Temeke